Kupima Weusi wa Skrini

9 Februari

Bisibisi, mdogo wangu,

Simu ilikatika tena kabla sijamaliza kukuuliza umekula nini, na shemeji yako akasema vocha yenyewe imekula kuliko sisi wote. Basi nimerudi kwenye karatasi. Karatasi haikatiki.

Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anafundisha hesabu na bado anasahihisha madaftari kwenye meza ya kulia chakula, nikimwambia ahamie kwingine ananijibu kwa desimali. Binti yetu amejifungua salama, mtoto wa kike, ana mapafu kama tarumbeta. Kwa hiyo wewe sasa ni babu, na ndevu zenyewe hazijakujaa. Umekuwa babu wa kuazima.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Monita ya studio inakufa. Weusi wake umeharibika. Zamani nikifungua picha ya mtu mwenye koti jeusi naona mpaka mikunjo ya koti, naona vifungo. Siku hizi palipo na kiza pote pamekuwa kitu kimoja, kama mtu amepaka masizi kwa kitambaa. Nimeongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho, haisaidii.

Nisingekusumbua, ila kuna jambo limetokea. Yule nesi wa mtaa wa juu aliniletea picha moja tu aliyo nayo ya marehemu mama yake. Imepasuka katikati, ina madoa ya maji. Unajua kazi yangu ya kufufua picha za zamani ndiyo inayoniweka mjini, watu wa paspoti wanapita tu. Niliifanyia kazi wiki nzima. Nikaziba mpasuko, nikausafisha uso wa mama wa watu mpaka ukang'aa, na nyuma yake, palipokuwa na kiza chenye mabaka, nikapasawazisha pakawa peusi safi. Nilijivunia, nisiseme uongo. Nesi alipokuja kuichukua akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, baba yangu umempeleka wapi?"

Alikuwa amesimama nyuma, mlangoni, kwenye kivuli. Nilimfuta nikidhani ni doa.

Tukachukua picha yake ya karatasi, ile aliyoileta, tukaitazama dirishani. Shemeji yako alimwona mara moja, na kofia yake na mkono alioshikia mlango. Mimi nami nikasema nimemwona. Nesi hakugomba. Angegomba ningepata pa kupumulia.

Nitafutie monita nyingine, yenye weusi wa kweli. Wewe unalala na monita kama wenzio wanavyolala na mito.

Dada yako

2 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Nimemwambia mwokaji mikate ninayeishi naye chumba kimoja kwamba nimekuwa babu, tangu siku hiyo ananiamkia kila asubuhi anapotoka na kuniachia unga kwenye shuka. Kazi ipo. Karakana imepokea shehena ya skrini mbovu kutoka ofisi moja kubwa, zimepangwa ukutani mpaka zinagusa dari, na fundi mkuu anataka zote zifufuke kwa pamoja.

Kuhusu monita yako, usinunue kwa hasira. Kwanza tuipime. Kifaa chenyewe cha kupimia sisi wenyewe hatuna, ila ile kamera yako ya dijitali inatosha kabisa. Fanya hivi. Chumba kiwe kiza, ziba madirisha hata kwa mablanketi. Washa monita uiache nusu saa ipate moto. Weka kamera kwenye miguu yake mitatu, iitazame skrini katikati, karibu, sawasawa. Zima flashi. Ondoa kila kitu ambacho kamera inajiamulia yenyewe. Tundu la lenzi uliweke kwa ukubwa mmoja na usiliguse tena mpaka mwisho. Utakachobadilisha ni muda tu ambao shata inabaki wazi ikiingiza mwanga.

Halafu jaza skrini yote nyeupe, upige. Kwenye kamera kuna ile grafu yenye kilima, unaijua. Badilisha muda mpaka kilima kikae katikati ya grafu, andika muda huo. Kisha jaza skrini yote nyeusi. Hutaamini, lakini nyeusi ya skrini nayo hutoa mwanga kidogo, taa ya nyuma huvuja. Kwa hiyo utahitaji muda mrefu zaidi, ongeza mpaka kilima kikae palepale kilipokaa cha nyeupe. Chukua muda wa nyeusi, ugawe kwa muda wa nyeupe. Jibu ndilo linalosema nyeupe ya skrini yako ni mara ngapi ya nyeusi yake. Shemeji atafurahi, kuna kugawanya.

Uzuri wa kamera ni kwamba haioni inachotaka kuona. Inahesabu mwanga basi.

Kuna kitu kimoja nataka kukielewa. Uliposema Shemeji alimwona baba wa nesi mara moja, ilikuwa kwenye ile picha ya karatasi, si kwenye skrini? Nauliza tu.

Mdogo wako

28 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Mtoto anakua, ameshajua kukunja ngumi, mama yake anasema amenirithi mimi.

Tumepima. Shemeji yako aliziba dirisha la studio kwa mablanketi mawili na kanga yangu, adhuhuri kweupe, tukajifungia ndani. Fundi viatu wa jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba. Shemeji yako akamjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba tunapima giza. Nadhani sasa mtaa mzima unajua tumerukwa na akili.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Niligonga miguu ya kamera mara mbili, maana ilikuwa imewekwa mahali pabaya, tukaanza upya. Nyeupe ilitaka sekunde moja iliyogawanywa mara mia mbili. Nyeusi ilitaka sekunde tatu nzima, tumekaa tumeshika pumzi kama watu wanaopigwa picha ya harusi ya zamani. Shemeji yako akapiga hesabu mgongoni mwa daftari la mwanafunzi: mia sita. Nyeupe ni mara mia sita ya nyeusi. Nikatafuta boksi la monita darini, limeandikwa mia saba.

Basi umeona mwenyewe. Mia nzima imepotea. Ni humo kwenye hiyo mia ndimo baba wa nesi alimopotelea. Au kamera nayo inazeeka, nayo nimekuwa nayo tangu binti yupo shule. Kwa hiyo niambie, unanitafutia monita au nimtafute mtu mwingine?

Wateja wengine wawili wamerudisha picha. Mmoja anasema nimempaka mumewe rangi ya sufuria. Watu wa siku hizi hawaridhiki.

Dada yako

19 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimecheka sana habari ya fundi viatu, mpaka mwokaji akaamka. Huku mvua imeanza, paa la karakana linavuja juu ya skrini zilizokwisha kutengenezwa, tunazihamisha kama wagonjwa.

Mia sita ni nzuri, dada. Maneno ya boksi ni kama maneno ya mshenga, lazima aongeze kidogo. Monita ya umri huo kutoka mia saba kushuka mia sita ni kama mtu kupata mvi mbili. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Nimeirudia hesabu yenu mara kadhaa, nikapima na skrini moja ya hapa kwa njia hiyohiyo. Mlipima vizuri.

Nimeweka sidii ndani ya bahasha hii. Ina picha moja. Ukiifungua utaona skrini yote nyeusi, na ndani yake kuna miraba midogo, kila mmoja umepungua weusi kidogo kuliko mwenzake. Naomba mkae wewe na Shemeji, kila mtu kwa zamu yake, mwenzake akiwa nje. Kila mmoja ahesabu miraba anayoiona, aandike, msiambiane. Kisha mniandikie zote mbili.

Swali langu la picha ya karatasi hukulijibu. Si kitu.

Jioni ukifunga studio, Shemeji huja kukuchukua au unarudi peke yako? Afadhali aje.

Mdogo wako

11 Mei

Bisibisi,

Sisi wazima, isipokuwa leo nimemwaga chai yote mezani juu ya madaftari ya watoto wa watu. Kikombe kilikuwa kimesogezwa pembeni. Shemeji yako amekaa anakausha kurasa kwa pasi, moja baada ya nyingine.

Tumeangalia picha yako. Mimi nimehesabu minne. Shemeji yako anasema tisa. Tisa! Nilimwambia anionyeshe, akaweka kidole hapa, hapa, na hapa, na chini ya kidole chake hapakuwa na kitu. Unamjua alivyo, hata kwenye karata lazima ashinde. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wewe andika minne.

Nimebadilisha balbu ya studio nimeweka kubwa zaidi, na ukuta wa nyuma nimeupaka chokaa. Ninasoma herufi ndogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi bila miwani, usije ukawaza mambo mengine.

Sasa hiyo monita.

Dada yako

30 Juni

Bisibisi,

Umeumwa? Umehama? Nimeuliza posta wakasema hakuna kitu chenye jina langu. Nilikupigia, mwokaji akapokea, akasema upo, umetoka kidogo. Kila nikipiga umetoka kidogo.

Nesi alikuja kuchukua picha yake ile iliyopasuka. Nilimwomba aniachie nijaribu tena, na monita mpya ikifika nitamrudisha baba yake mahali pake. Akakataa. Akaniambia bora ipasuke hivyohivyo, lakini baba yake awepo. Aliniaga vizuri tu, akanishika mkono kushuka ngazi ya mlango wangu mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Nijibu.

Dada yako

14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Nimeandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ya kitaalamu mengi, ya pili ilikuwa na uongo, ya tatu sijui ilikuwa na nini. Hii naiandika karakana, wenzangu wamekwenda kula, nitaitia posta kabla sijaisoma tena.

Skrini ni nzima. Kamera ni nzima. Ile picha niliyokutumia ina miraba kumi na miwili, na mtu mwenye macho ya kawaida kwenye monita kama yako huona minane, tisa, kumi. Shemeji hakudanganya. Ile picha ya karatasi uliyoipeleka dirishani haikuwa na skrini ndani yake, dada. Nilijua tangu Machi. Nikaendelea kukutumia vipimo kwa sababu kila kipimo kilinipa mwezi mmoja wa kutokusema.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akimimina chai kando ya kikombe? Sisi tukicheka, naye akicheka pamoja nasi. Baadaye akawa anagonga miimo ya milango kwa bega, Mama akasema ni uzee. Alikuwa na umri gani? Alikuwa mdogo kuliko fundi mkuu wangu. Na herufi za gazeti alizisoma mpaka karibu na mwisho, ndiyo maana hakuna aliyefikiria macho.

Nenda hospitali ya macho. Nimekaa hapa naomba kiwe kile kinachoitwa mtoto wa jicho, maana hicho wanakitoa na mtu anarudi nyumbani anaona. Sijui kama ni hicho. Mimi ni fundi wa vioo, sijui kilicho nyuma ya kioo cha mtu.

Nimeomba ruhusa nije, nimenyimwa mpaka Desemba. Natengeneza skrini ishirini kwa wiki za watu nisiowajua. Yako haina ubovu, kwa hiyo sina la kukufanyia.

Mwonyeshe Shemeji barua hii.

Mdogo wako

20 Septemba

Bisibisi,

Barua yako sikumwonyesha mtu. Niliisoma nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, nikakasirika nawe wiki nyingi. Nilikuwa nikifua nakujibu, nikipika nakujibu, majibu mazuri kwelikweli, ya kukuvunja mifupa. Hukuandika mahali popote neno "macho yako yameharibika". Ulizunguka ukasema huyu mzima, yule mzima, ukaniacha mimi nibaki wa mwisho kama mtoto asiyechaguliwa kwenye timu.

Mtoto hajambo, anakaa sasa bila kuegemezwa. Shemeji yako amevimba mguu kidogo, wanasema ni kusimama sana.

Nikuambie yaliyonipata. Mwezi uliopita niliitwa kupiga picha mahafali ya chuo cha ushonaji. Ukumbi mkubwa, jukwaa limefunikwa zulia jeusi. Nilipanda vizuri. Nikampiga mwanafunzi wa kwanza, wa pili, nikarudi nyuma ili niwapate wote, na zulia likaendelea na mimi nikaendelea nalo, kumbe pale palikuwa na ngazi. Nilianguka mbele ya wazazi wote. Kamera niliikumbatia, haikuumia. Mkono ndio ulioumia. Nilipokuwa pale chini nilitazama juu nikaona taa za ukumbi vizuri sana, nikajiambia, si unaziona? Ila ngazi sikuiona hata baada ya kuonyeshwa.

Nyumbani nilitoa barua yako chini ya godoro nikampa shemeji yako. Akaisoma akiwa amesimama. Akasema, "Mimi nilijua siku ya miraba." Kwa hiyo nyote wawili mlijua. Tulikuwa watatu tunafichana jambo moja.

Akanipeleka. Kuna mashine wanakukalisha, unaweka kidevu, unatazama katikati, na pembeni huwaka vinukta vya mwanga. Ukiona kinukta unabonyeza kitufe. Nikakaa vizuri, nikatazama katikati, nikawa nasubiri. Nilisubiri sana. Viwili vitatu nilivibonyeza nikidhani wanajaribu taa. Mwishowe nikamwambia kijana wa mashine kwamba mimi niko tayari, aanze. Akasema, "Mama, tunakaribia kumaliza."

Si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Daktari, mwanamke mpole, alinichorea mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, akasema umeliwa polepole kwa miaka mingi na hauumi, ndiyo maana mtu hajui. Nikamwuliza ni lini utarudi. Akaweka kalamu chini. Kilichokwenda hakirudi. Anatoa dawa ya matone kulinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi, hasa jicho la kushoto. Shemeji yako aliuliza maswali kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ya mwanafunzi mzuri. Hakulipata.

Kazi ya kufufua picha nimeiacha. Nimebandika karatasi mlangoni, paspoti tu. Na hizo napiga mchana, mteja akiwa kwenye mwanga mkali mpaka anakunja uso.

Kuna jingine. Daktari aliuliza Baba alikuwaje, nikamweleza habari za chai. Akaniuliza nina ndugu wangapi wa tumbo moja. Nikasema mmoja. Akasema huyo mmoja asikae, aende akapimwe, kitu hiki hutembea ndani ya familia. Umenisikia?

Dada yako

8 Oktoba

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nimeipata barua yako. Nimeisoma mara nyingi. Mkono umepona? Matone unayaweka kwa wakati? Mwombe Shemeji akuwekee yeye, mtu akijiwekea mengi huishia shavuni. Zulia na ngazi za nyumbani mbandike mkanda mweupe ukingoni, mkanda wa umeme unafaa, Shemeji anaweza kuununua dukani popote. Na taa ya jikoni iwe juu ya meza, si nyuma yako.

Huku mvua imekatika. Mwokaji ameposa, msichana anayeuza vocha mbele ya kiwanda chao. Mahari imeshapangwa, kilichobaki ni yeye kupunguza kukoroma. Nimemwambia chumba nitamwachia, mimi nitatafuta kwingine. Fundi mkuu amepata miwani mipya, anatembea amebinua kichwa kama jogoo. Zile skrini za ofisi kubwa tumezimaliza zote, zimeondoka kwa lori, ukuta umebaki mweupe tumeushangaa.

Msalimie mjukuu wangu. Mwambie babu wa kuazima anamsalimu.

Mdogo wako

1 Novemba

Bisibisi,

Umejaza kurasa mbili. Nimejua mahari ya mwokaji, nimejua miwani ya fundi mkuu, nimejua ukuta. Nilichokuuliza hakimo.

Siandiki kwa hasira. Naandika kwa kalamu nene, kama unavyoona, mistari mitano inajaza ukurasa, kwa hiyo sina nafasi ya kuzunguka. Ulikaa na jambo langu miezi minne kwa kunihurumia. Nami nimekaa nalo miwili zaidi kwa kiburi. Daktari anasema hata miezi hiyo isingeniokoa, huenda anasema hivyo ili nilale. Lakini wewe u mdogo kwangu kwa miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, Bisibisi. Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa naona koti na vifungo vyake, na mshipa ulikuwa umeshaanza kuliwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba hakuwa na wa kumwambia. Mimi nilikuwa na wewe wa kuniambia, sikukusikiliza. Wewe usinifanye nikae huku nikijiuliza, siwezi kuja kukushika mkono nikupeleke, jioni sivuki hata barabara ya mbele ya nyumba.

Nenda. Usiniandikie mpaka umekwenda.

Dada

27 Novemba

Dada,

Nimekwenda.

Nilikuwa nimeshakwenda kabla barua yako ya kalamu nene haijafika. Nilikwenda mwanzoni mwa Oktoba, siku mbili kabla sijakuandikia ile habari ya mwokaji. Ndiyo maana barua ile ilijaa mahari na miwani. Ninajua utakasirika. Nilitaka upate mwezi mmoja wa kuwa na ugonjwa wa mtu mmoja tu.

Ni kilekile. Kimeanza jicho la kulia. Daktari wa huku ni kijana, anaongea haraka, alikitazama kipimo akanipiga bega akasema nina bahati, nimewahi mno, kwa matone haya huenda nikaona mpaka uzeeni na nisijue kama niliwahi kuumwa. Nikamwuliza bahati ya nani. Hakuelewa, akarudia maelezo ya matone.

Nilipokuwa kwenye ile mashine niliviona vinukta karibu vyote. Vilikuwa vinawaka kila mahali, dada, juu, chini, pembeni, vidogo kama tundu la sindano, kidole hakikupumzika. Na kila nilipobonyeza nilijua wewe ulikaa mbele ya kitu hiki ukasubiri kianze. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Nimewahi kwa sababu wewe ulichelewa. Hakuna namna ya kuligeuza jambo hili likakaa vizuri. Nimejaribu.

Ruhusa imetoka. Nafika tarehe ishirini na moja, basi la asubuhi. Usije kituoni, mtume Shemeji. Fundi mkuu ameniuliza kama nabeba mfuko wangu wa vifaa, nikamwambia huko ninakokwenda hakuna cha kutengeneza. Nakuja mikono mitupu.

Mdogo wako